Ameachiwa au ameachiwa huru? Majibu ya maswali yenu kuhusu maneno ya mahakamani

Barua nyingi za safari hii zina malalamiko yanayofanana: mtu alikuwepo mahakamani, alisikia kila kilichosemwa, akatoka nje bila kujua kilichoamuliwa. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, lakini Kiswahili cha mahakamani kina maana zake. Ukilichukulia neno kwa maana ya nyumbani, unaweza kukuta siku za rufaa zimekwisha au mdhamini anatafutwa na polisi. Majibu haya ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake na mahakama zake, ingawa Mahakama ya Rufani inahudumia pande zote mbili.

SWALI: *Shikamooni. Mdogo wangu alikuwa na kesi ya wizi mahakama ya wilaya kwa miezi kadhaa. Siku hiyo hakimu akasema ameachiwa. Tukamshukuru Mungu, tukatoka naye. Hatujafika getini, askari wakamkamata tena kwa kosa lilelile. Je, si kuidharau mahakama?*

JIBU: Marahaba, na poleni sana. Si kuidharau mahakama, kwa sababu inaelekea mdogo wako aliachiwa, hakuachiwa huru. Watu wa mahakamani hawayachanganyi maneno haya mawili, na nyinyi pia msiyachanganye.

Kuachiwa huru maana yake mahakama imemaliza kesi na kusema hana hatia. Hufika huko kwa njia kuu mbili. Ya kwanza, mashahidi wa upande wa mashtaka wamemaliza, hakimu ameupima ushahidi wao na kuona hata usipopingwa hautoshi kumtia mtu hatiani. Hapo husema mshtakiwa "hana kesi ya kujibu". Ya pili, pande zote mbili zimesikilizwa na hukumu imesomwa kwa upande wake. Aliyeachiwa huru hashtakiwi tena kwa kosa lile. Upande wa mashtaka ukiwa haujaridhika, unakata rufaa, haumkamati upya.

Kuachiwa kwa maana ya kuondolewa mashtaka ni jambo jingine. Kesi imesimama njiani na hakuna aliyesema ana hatia au hana. Mwendesha mashtaka anaweza kuomba kuiondoa, na hapo hatua iliyofikiwa ndiyo yenye uzito: akiiondoa kabla mshtakiwa hajatakiwa kujitetea, mshtakiwa anaachiwa tu na anaweza kushtakiwa tena kwa mambo yaleyale, akiiondoa baada ya mshtakiwa kutakiwa kujitetea, sheria inataka aachiwe huru. Njia nyingine ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka, yule ambaye magazeti humwita DPP. Yeye anaweza wakati wowote kabla ya hukumu kuijulisha mahakama kwamba hana nia ya kuendelea na shauri. Mahakama inamwachia mshtakiwa, lakini kuachiwa huko hakumpi kinga ya kutoshtakiwa upya.

Fanyeni hivi. Mtu mmoja wa familia aende kwa karani akiwa na namba ya kesi na aombe nakala ya amri ya siku ile. Asome kifungu gani cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kimetumika, na kesi ilikuwa imefika wapi. Ikiwa mdogo wako alikwishatakiwa kujitetea, mwambieni wakili wake aiibue hoja hiyo siku ya kwanza ya kesi mpya, kabla hajajibu shtaka. Ikiwa kesi ilikuwa bado inatajwa tu, nguvu zenu zipelekeni kwenye dhamana.

SWALI: *Naomba kueleweshwa sentensi ninayoisoma magazetini kila wiki: "Mshtakiwa hakutakiwa kujibu chochote kwa kuwa mahakama haina mamlaka ya kusikiliza shauri hilo." Kama haina mamlaka, kwa nini anapelekwa hapo?*

JIBU: Sentensi hiyo utaiona zaidi kwenye kesi za mauaji. Kosa la mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu, lakini mlango wake ni mahakama ya chini. Mshtakiwa anafikishwa kwa hakimu, anasomewa shtaka, na haulizwi kama ni kweli au si kweli, kwa sababu jibu lake halingekuwa na kazi pale. Kesi inabaki kwa hakimu ikitajwa hadi upelelezi ukamilike. Kisha mshtakiwa anasomewa maelezo ya mashahidi na orodha ya vielelezo, na shauri linahamishiwa Mahakama Kuu. Huko ndiko ataulizwa na kujibu.

Kwa hiyo familia zinazokuja kila mara zikitegemea "kesi itasikilizwa" hupata simanzi bure. Siku ya kutajwa hakuna shahidi anayepanda kizimbani. Hakimu anauliza hatua iliyofikiwa, mwendesha mashtaka anajibu, na tarehe nyingine inapangwa; kwa walio mahabusu huwa ni baada ya siku 14 hivi. Siku ya kusikilizwa ndiyo ya mashahidi. Katikati kuna usikilizwaji wa awali: hapo maelezo ya kesi yanasomwa, na mshtakiwa anasema yapi anayakubali na yapi anayakataa, ili mashahidi waitwe kwa yale yanayobishaniwa tu. Wengi hudhani ni siku ya kawaida wakakubali kila kitu, hata kuwepo kwao eneo la tukio. Lililokubaliwa pale halitahitaji shahidi tena.

Na kuhusu wimbo wa "upelelezi haujakamilika": marekebisho ya 2022 yameweka utaratibu kwamba kesi isifunguliwe kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa. Kwa kosa dogo una haki ya kuuliza kwa nini ulishtakiwa kabla ya wakati.

SWALI: *Mimi ndiye mlalamikaji. Shemeji yangu alinipiga, nikaripoti. Sasa wazee wametukalisha, ameomba radhi na tumeelewana. Nimekwenda polisi kufuta kesi, wananiambia kesi si yangu. Ni ya nani basi?*

JIBU: Ni ya Jamhuri, dada. Katika jinai wewe ni mlalamikaji, yaani uliyetendewa na uliyetoa taarifa, na mahakamani utakuwa shahidi. Anayeshtaki ni Jamhuri kupitia mwendesha mashtaka, na ndiye mwenye uwezo wa kuendelea au kuacha. Shauri la madai liko tofauti: huko aliyefungua ni mdai, anayedaiwa ni mdaiwa, na mdai anaweza kuliondoa shauri lake.

Lakini mlango haujafungwa kabisa. Sheria inairuhusu mahakama kuhimiza suluhu katika shambulio la kawaida na makosa mengine ya watu binafsi ambayo si makubwa na hayakuzidi ukali. Usiache kwenda mahakamani ukidhani kutofika kwako kutaiua kesi, kwa maana shahidi aliyeitwa asipofika anaweza kutolewa hati ya kukamatwa. Fika siku iliyopangwa, mweleze mwendesha mashtaka kabla hakimu hajaingia, kisha iombe mahakama mbele ya wote. Nendeni na maandishi ya mapatano yenye sahihi zenu wawili na za wazee waliowakalisha. Hakimu atakuuliza kama umelazimishwa. Kama kweli umelazimishwa, hapo ndipo pa kusema.

SWALI: *Nimeombwa kumdhamini jirani. Ninachosaini ni nini hasa? Na nikishindwana naye nafanyaje?*

JIBU: Unasaini bondi, nayo ni ahadi ya maandishi kwamba mshtakiwa atafika kila siku atakayotakiwa, na asipofika wewe utailipa serikali kiasi kilichoandikwa humo. Kwa kawaida hutoi pesa siku ya kusaini. Kinachotakiwa ni kujulikana wewe ni nani na unakaa wapi: barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji, kitambulisho, na wakati mwingine hati ya mali isiyohamishika. Soma kiasi cha bondi kabla ya kuweka sahihi, maana wapo wanaogundua siku ya mshtakiwa kutoroka.

Akiruka dhamana, mahakama inatoa hati ya kumkamata yeye, na wewe unaitwa ujieleze kwa nini usilipe. Kusema "sijui aliko" hakutoshi. Onyesha juhudi ulizofanya, taarifa uliyotoa polisi na tarehe yake. Usipotoa sababu ya kuridhisha, dhamana inataifishwa na mali yako inaweza kukamatwa.

Ukiona mwenendo wake umebadilika, usingoje atoroke. Mdhamini anaruhusiwa kuiomba mahakama imwondolee dhamana. Mshtakiwa ataletwa, utaachiliwa jukumu lako, na yeye atatakiwa atafute mdhamini mwingine au aende rumande.

Mawili ya kuongeza. Dhamana ya polisi ni bure. Anayetaka "chochote" ili aitoe anatenda kosa. Na aliyekamatwa bila hati anatakiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Ikiwa haiwezekani, apewe dhamana, isipokuwa kosa likionekana kuwa kubwa au likiwa la adhabu ya kifo. Mahakama yenyewe imefungwa mikono kwa baadhi ya makosa: mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha hayana dhamana.

SWALI: *Askari aliniambia nikubali kosa mapema ili yaishe. Ni ushauri mzuri?*

JIBU: Kama hukutenda, ni ushauri mbaya mno. Kukiri mahakamani kunaziba karibu njia yote ya rufaa: aliyetiwa hatiani kwa kukiri kwake, kwa kawaida hawezi kukata rufaa kupinga hatia, anabaki na ukubwa au uhalali wa adhabu. Ndiyo maana hakimu haridhiki na neno "kweli" peke yake. Shtaka linasomwa, unajibu, kisha mwendesha mashtaka anasoma maelezo ya tukio lenyewe: siku, mahali, kitendo, mali. Unaulizwa tena kama hayo nayo ni kweli. Hapo ukisema "ni kweli nilichukua, ila nilijua ni yangu", hujakiri wizi, na hakimu anapaswa kuandika kuwa umekana. Kwa hiyo jibu kwa sentensi kamili, si kwa kutikisa kichwa.

Polisi kuna hatua nyingine kabla ya hiyo: maelezo ya onyo. Ni yale unayoandikiwa baada ya kuonywa kwamba hulazimiki kusema na kwamba utakachosema kinaweza kutumika mahakamani. Sheria inatoa saa 4 tangu uwe chini ya ulinzi ili yachukuliwe, na muda unaweza kuongezwa kwa utaratibu. Kumbuka saa uliyokamatwa na saa uliyoanza kuandikiwa; maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda bila ruhusa mara nyingi hukataliwa. Soma kila ukurasa kabla ya kusaini. Kama hujui kusoma, taka usomewe na hilo liandikwe.

Kuna pia makubaliano ya kukiri kosa, yaliyoingizwa katika sheria 2019. Hayo ni mazungumzo rasmi na upande wa mashtaka, yanaandikwa na kusajiliwa mahakamani. Maneno ya askari kwenye korido siyo.

SWALI: *Nitapanda kizimbani wiki ijayo kama shahidi, mara ya kwanza maishani. Nisaidieni nisiabike.*

JIBU: Kwanza utaapa au kuthibitisha, kulingana na imani yako, kwamba utasema kweli. Kisha utaulizwa kwa awamu tatu. Aliyekuita anaanza na maswali ya msingi, ambamo haruhusiwi kukutia maneno mdomoni. "Ulimwona mshtakiwa akivunja mlango, sivyo?" ni swali la kuongoza, litapingwa. Swali sahihi ni: "Uliona nini?" Upande wa pili unafuata na maswali ya dodoso, na huko kuongozwa kunaruhusiwa, kazi yao ni kupima kumbukumbu yako na ukweli wako. Mwishoni aliyekuita anarudi na maswali ya kusawazisha, kwa yale tu yaliyovurugika kwenye dodoso. Si nafasi ya kuanzisha habari mpya.

Mashahidi wengi huharibu kwenye dodoso, na kwa kawaida huharibu kwa kukisia. Ukiulizwa umbali na hukupima, sema ni kama kutoka hapa ulipo hadi kitu fulani kinachoonekana chumbani. Usitaje mita kwa ujasiri ambao huna. Katika kumtambua mtu usiku, utaulizwa taa ilikuwa ya aina gani na ilikuwa wapi, mlikaa karibu kiasi gani, kwa muda gani, ulikuwa unamfahamu kabla, na ulimtaja kwa nani wa kwanza. Yafikirie haya kabla ya siku yenyewe. Ulichosimuliwa na mtu ni ushahidi wa kuambiwa. Sema ulichokiona, ulichosikia mwenyewe, ulichokigusa. Na wengi husahau hili: usikae ndani ya chumba cha mahakama wakati mashahidi wengine wanatoa ushahidi kabla ya zamu yako.

Ukiwa na karatasi au kitu cha kutoa, kinaitwa kielelezo, na kina ngazi zake. Unaeleza ulikipataje na unakitambuaje. Unaiomba mahakama ikipokee. Upande wa pili unaulizwa kama una pingamizi. Mahakama inakipokea na kukipa namba. Kama ni maandishi, yanasomwa kwa sauti mahakamani baada ya kupokelewa. Ngazi hii ya mwisho inarukwa mara nyingi kuliko inavyostahili, na Mahakama ya Rufani imekuwa ikiviondoa kwenye kumbukumbu vielelezo ambavyo havikusomwa, hata kesi nzima ikaanguka kwa sababu hiyo. Ukiona umepewa karatasi yako uiweke mezani tu, mkumbushe mwendesha mashtaka kwa upole.

Mzigo wa kuthibitisha kesi si wako wewe shahidi. Katika jinai ni wa Jamhuri, na kipimo chake ni kutoacha shaka ya maana. Katika madai kipimo ni chepesi zaidi: upande gani maelezo yake yanaelekea zaidi kuwa kweli.

SWALI: *Nimeletewa karatasi ya mahakama ya wilaya, inasema mimi ni "mdaiwa". Mwenye duka ananidai. Nisubiri tarehe iliyoandikwa?*

JIBU: Usisubiri. Ulichopokea kina vipande viwili: samansi, ambayo ni wito, na hati ya madai, ambayo ni maelezo ya anachodai na anachoomba. Angalia jina la mahakama, namba ya shauri, majina yenu kama yameandikwa sawasawa, na kiasi. Andika nyuma ya nakala yako tarehe na saa uliyoipokea, kwa kuwa siku zako zinahesabika kutoka hapo. Kukataa kusaini hakukusaidii. Mpeleka wito ataapa kwamba ulikataa.

Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, una siku 21 tangu kupokea wito kuwasilisha utetezi wa maandishi. Ukiona hutawahi, omba kuongezewa kabla hazijaisha, au ndani ya siku 7 baada ya kuisha ukiwa na sababu nzuri. Nyongeza haizidi siku 10. Zikipita hizo, shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja. Hukumu ya upande mmoja ina nguvu kama nyingine, na kuitengua kunahitaji maombi yenye sababu ya kutofika kwako.

Utetezi haujibiwi kwa "si kweli yote". Jibu aya kwa aya, kwa namba zilezile za hati ya madai. Usichokikana waziwazi unaweza kuhesabiwa umekikubali. Kama na wewe unamdai, yaandike humo kama madai kinzani. Kama kuna kasoro ya kisheria, mfano shauri limefunguliwa baada ya muda kupita, hiyo ni pingamizi la awali. Muda wa kudai mkataba wa kawaida ni miaka 6, fidia ya madhara miaka 3, ardhi miaka 12. Mahakama ya Mwanzo mambo ni mepesi zaidi: unafika siku uliyopangiwa na kujibu kwa mdomo.

SWALI: *Shauri langu la kiwanja "limetupwa". Wakili anasema nifungue jipya, rafiki yangu anasema haiwezekani. Nani mkweli?*

JIBU: Hatuwezi kumjibu yeyote mpaka tujue neno lililoko kwenye amri, si lile la mazungumzo. Shauri lililoondolewa kwa kasoro ya utaratibu, kama hati isiyo na sahihi au mahakama isiyo sahihi, halikuamuliwa. Rekebisha kasoro ufungue upya, ukichunga ukomo wa muda. Lililotupiliwa mbali baada ya kusikilizwa limeamuliwa, na ukilifungua tena utakutana na pingamizi kwamba lilikwisha kuamuliwa. Njia yako ni rufaa. Kama lilitupwa kwa sababu wewe mdai hukufika na mdaiwa alifika, huruhusiwi kufungua jipya, bali unaomba lirejeshwe kwa kueleza kilichokuzuia. Leta cheti cha hospitali au ushahidi mwingine wa siku ileile, na ufanye haraka.

SWALI: *Siku za kukata rufaa ni ngapi? Kila mtu ananipa jibu lake.*

JIBU: Wote wanaweza kuwa sahihi, kwa sababu inategemea umetoka wapi. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30, na shauri hilohilo likipanda kutoka Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni siku 30 nyingine. Jinai iliyoanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi ina hatua mbili: kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, halafu rufaa yenyewe ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kungojea nakala ya mwenendo (kumbukumbu za yote yaliyosemwa kwenye kesi) na hukumu. Madai yaliyoanzia huko kwenda Mahakama Kuu ni siku 90. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu, siku 45. Kwenda Mahakama ya Rufani unaanza na taarifa ya rufaa ndani ya siku 30.

Zile siku 10 ndizo zinazoangusha wafungwa wengi. Ndugu wanahangaika kutafuta pesa ya wakili wakati kinachotakiwa ni karatasi moja ya kusudio. Aliye gerezani anaweza kuipitisha kwa mkuu wa gereza, na kama anaweza, aseme palepale hukumu inaposomwa kwamba hajaridhika. Siku hiyohiyo andikeni barua ya kuomba nakala ya mwenendo na hukumu, mpate muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Muhuri huo ndio utakaothibitisha muda wa kungojea.

Ukichelewa, unaomba kuongezewa muda, na mahakama inataka maelezo ya kila siku uliyochelewa. "Nilikuwa naumwa" kwa miezi miwili, na cheti ni cha siku tatu, haipiti.

Kukata rufaa ya madai hakuzuii mshindi kuendelea kudai chake. Kuna maombi ya pekee ya kusimamisha utekelezaji. Magazeti nayo huchanganya "mapitio" na "marejeo"; usibishane na neno, uliza maombi yamepelekwa wapi: mahakama ileile iliyoamua, ili ijisahihishe, au ya juu yake, ili ikague mwenendo wa ya chini.

Asiye na uwezo aulize huduma chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Msaidizi wa kisheria atakuelekeza na kukusaidia kuelewa nyaraka, lakini haruhusiwi kusimama mahakamani kama wakili wako.

SWALI: *Nilishinda kesi ya deni tangu mwaka juzi. Mdaiwa ananicheka. Hukumu ina faida gani?*

JIBU: Hukumu haijikazi yenyewe, lazima uombe. Chukua nakala ya hukumu na ya tuzo. Hukumu ina sababu, tuzo ni ile karatasi fupi inayosema nani amlipe nani kiasi gani. Kisha peleka maombi ya kukaza hukumu katika mahakama iliyoamua, ukitaja njia unayoitaka: kukamata na kuuza mali, kukamata fedha zake zilizo mikononi mwa mwingine kama benki, au kumpeleka gereza la madai. Hii ya mwisho watu huipenda kwa hasira, wasijue kwamba mshindi ndiye anayelipia matunzo ya mdaiwa huko ndani.

Maombi mengi hukwama kwa kutokutaja mali. Dalali wa mahakama hakamati kwa kubahatisha: mpe namba ya gari, eneo la kiwanja na namba yake, tawi la benki. Usijumuishe visivyokamatika, kama nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda, na vifaa vya kazi vya fundi. Hakikisha pia mali ni ya mdaiwa mwenyewe. Ikiwa ni ya mkewe au ya kaka yake, mwenye mali ataleta pingamizi na utapoteza miezi.

Kwa kuwa mwaka umekwisha kupita tangu tuzo itolewe, mahakama kwanza itampa mdaiwa taarifa aje aeleze kwa nini hukumu isikazwe. Hiyo ni hatua ya kawaida, usidhani kesi inaanza upya. Ukomo wa kukaza hukumu ni miaka 12, lakini usiungoje, kwa sababu gari analoendesha leo linaweza kuwa la mtu mwingine mwezi ujao.